Kenya na Tanzania: kwa nini ujasiriamali ulishika njia mbili?

Mchambuzi_Dodoma

Wakuu, habari za leo. Naandaa mada ya wanafunzi wa mwaka wa pili wa uchumi, na nimechagua kulinganisha Kenya na Tanzania. Ni nchi jirani, zote zilipita mikononi mwa Mwingereza, zilitumia sarafu moja hadi 1966, na zote zilitegemea kahawa, chai na katani. Hata hivyo, ukitazama leo, Kenya ina kundi kubwa zaidi la wazawa wenye biashara za kati, zile zenye mafundi wa kuajiriwa, mashine na mkopo wa benki. Kwetu biashara ndogondogo ni nyingi mno, kampuni kubwa zipo chache, na katikati pamepwaya.

Maelezo ya "Wakenya wachangamfu, Watanzania wapole" sitaki kuyapeleka darasani. Naomba mnisaidie mambo matatu: nini hasa kilitenganisha njia, kama tofauti hizo bado zinafanya kazi leo kwenye mitaji na kodi, na namna ya kulinganisha takwimu bila kujidanganya.

---

Kumbukumbu67

Mkuu, wape wanafunzi swali moja kabla ya yote: mwaka 1971, mtu mwenye mshahara wa serikali wa kila mwezi aliruhusiwa kuufanyia nini mshahara huo?

Biashara nyingi za kwanza za Waafrika hazikuanzia benki. Zilianzia kwenye mshahara wa mwalimu, karani, bwana shamba au afisa wa wilaya. Ndiye aliyekuwa na fedha za uhakika, anajua kusoma mkataba, na anajua mlango wa kugonga akitaka leseni. Nchi hizi mbili zilimpa mtu huyo majibu yanayopingana.

Tanzania, Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wasome vizuri tafsiri ya "kiongozi". Haikuwa mawaziri na wabunge peke yao; ilishuka hadi madiwani na watumishi wa umma wa ngazi za juu na za kati, na ilimhesabu mtu pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Njia ya kuandikisha duka kwa jina la mke ilifungwa kwenye maandishi yenyewe.

Kenya, Tume ya Ndegwa mwaka 1971 ilipendekeza kinyume chake: mtumishi wa umma aruhusiwe kufanya biashara ilimradi isigongane na kazi yake. Hilo lilileta ufisadi mwingi, lisifichwe. Lakini kiuchumi liligeuza mshahara kuwa mtaji, na mashine ya kuugeuza ilikuwa sako, yaani chama cha akiba na mikopo. Mwalimu Sacco ilianzishwa 1974, na nyingine nyingi zilizaliwa mahali pa kazi.

Hesabu ya sako ya kawaida wafanye ubaoni. Mwanachama ana akiba ya 20,000; anakopeshwa hadi mara tatu, yaani 60,000. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Akilipa kwa miezi 36, deni la msingi ni kama 1,667 kila mwezi, na riba ya mwezi wa kwanza ni 600, kisha inashuka. Makato yanafanyika kabla mshahara haujamfikia. Dhamana ni wanachama wenzake, ambao akiba zao hufungwa mpaka deni liishe. Hakuna hati ya nyumba inayodaiwa. Inapoharibika huwa ni kwa sababu mbili: mkopaji ameacha kazi, wadhamini wakabebeshwa deni, au mwajiri amekata fedha kwenye mshahara na hakuzipeleka sako.

Mfano mzuri wa kuonyesha jinsi tarehe ya ruhusa inavyotofautisha ni usafiri wa mjini. Mahitaji yalikuwa yaleyale Nairobi na Dar es Salaam: watu wameongezeka, mabasi ya shirika hayatoshi. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya usafiri wa umma. Dar es Salaam, shirika la mabasi la UDA lilishikilia njia, na mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa 1983. Miaka kumi. Ndani ya miaka hiyo Nairobi ilipata wenye gari moja waliofikisha magari matatu au manne, makondakta waliogeuka wamiliki, na karakana za kuunda bodi juu ya chesisi za malori, pamoja na mafundi viti, mafundi rangi na wauza vipuri. Dar es Salaam ilianza safari hiyo mwaka ambao nchi haina fedha za kigeni za kununulia tairi.

Na usiishie 1967. Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Maduka, maduka binafsi vijijini yakafungwa yapishe ya ushirika wa kijiji. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika wa mazao vilivunjwa, kazi zao zikahamia mamlaka za mazao. Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Halafu bajeti ya 1984 ikaruhusu kuagiza bidhaa kwa fedha zako za kigeni bila kuulizwa ulizipata wapi. Mfanyabiashara aliyeishi mfululizo huo alijifunza mambo ya busara kabisa: zungusha mali haraka, usiandike, usinunue mashine isiyohamishika. Ndipo ilipotoka biashara yetu ya uchuuzi mwepesi. Masharti ya uongozi yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na sheria iliyofungua milango kwa benki binafsi ni ya mwaka huohuo. Kwa hiyo linganisha Kenya ya 1971 na Tanzania ya 1991, utaona watu wanaofanana sana.

---

Karatina_K

Hamjambo nyote. Nakubaliana na Kumbukumbu67 kuhusu mshahara, lakini amepita juu ya ardhi, na kwa upande wetu ardhi ndiyo ilikuwa mguu wa pili.

Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulianza kuunganisha vipande vya mashamba na kutoa hati za mtu binafsi, hasa Mkoa wa Kati. Ulitekelezwa wakati wa hali ya hatari, watu wengi wakiwa kizuizini, kwa hiyo wapo waliopoteza haki zao hapohapo. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 ikaendeleza njia hiyo. Matokeo ni kwamba familia kadhaa ziliingia uhuru zikiwa na karatasi inayokubalika benki. Tanzania ilikwenda njia nyingine: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, mwananchi ana haki ya kuitumia.

Sasa, wanafunzi wasidhani hati ni pesa taslimu. Mwenye shamba Kenya anayetaka kulichukulia mkopo anapitia haya: upekuzi rasmi kuthibitisha jina na kama kuna deni au zuio, mthamini aliyekubaliwa na benki, idhini ya mwenzi wa ndoa, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ikiwa ni ardhi ya kilimo, ushuru wa stempu, kisha usajili wa rehani. Idhini ya bodi isipoombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, shughuli inabatilika. Na ukishindwa kulipa, kwa sheria ya ardhi ya 2012 benki inakupa notisi ya miezi mitatu, baadaye notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Hati inayokwama mara nyingi ni ile iliyobaki kwa jina la marehemu babu. Mirathi haijafanywa, watoto sita wanalima, hakuna hata mmoja anayeweza kukopa.

Vilevile serikali ilisukuma kwa makusudi. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara maeneo fulani na bidhaa fulani, na shirika la serikali la maendeleo ya viwanda na biashara, ICDC, likakopesha Waafrika waliochukua maduka hayo. Mikopo ilifuata siasa. Kaskazini mwa nchi na sehemu kubwa ya Pwani hazikuonja. Hivyo ukisema "Kenya" kwenye mada yako, sema Kenya ipi. Mwenye biashara wa Kiambu na wa Kwale hawakutoka kwenye mstari mmoja, na Kwale ina mengi ya kufanana na Tanga kuliko na Kiambu. Upungufu huu Tanzania haina kwa kiwango chetu: mfanyabiashara wa Kilimanjaro anafungua duka Songea na hakuna anayeshangaa. Soko moja la nchi nzima, lugha moja ya biashara. Hiyo ni mali ambayo wachumi wengi hawaihesabu, na naona ni kosa.

---

Kumbukumbu67

@Karatina_K asante, hilo la Kwale na Tanga ni zito. Niongeze kwa upande wetu: hatimiliki ya kimila chini ya sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 ipo, na watu hudhani ingeziba pengo. Ila hatua zake zinaanza juu ya mwananchi: mipaka ya kijiji ipimwe na kijiji kipate cheti cha ardhi, mpango wa matumizi ya ardhi upitishwe, masjala ya ardhi ijengwe, kisha ndipo shamba la mtu lihakikiwe na majirani na hati itolewe. Kijiji kikikwama hatua ya kwanza kwa mgogoro wa mpaka na jirani, wote mnakwama. Na hati ikishatoka, benki inauliza swali moja: tukilipiga mnada, nani atanunua? Wanunuzi wengi wanaokubalika ni wa kijiji hichohicho. Mdaiwa akiwa jirani yao, hawajitokezi.

---

Mhasibu_Kariakoo

Nijibu swali la pili, upande wa kodi, maana hapa tofauti inafanya kazi leo hii.

Kwa urahisi chukua shilingi 1 ya Kenya kuwa kama 20 za Tanzania. Kenya, kodi ya mauzo ghafi inaanza mauzo yakizidi milioni 1 kwa mwaka, ambayo ni kama milioni 20 za Tanzania. Tanzania mfumo wa makadirio unaanza mauzo yakizidi milioni 4. Maana yake mama mwenye genge wa Tanzania anaingia kwenye wavu wa kodi ya mapato akiwa na moja ya tano ya mauzo ya mwenzake wa Kenya.

Ukipanda juu, picha inageuka. VAT Kenya ni lazima kuanzia milioni 5, sawa na milioni 100 za kwetu. Tanzania kiwango kilipandishwa 2023 kutoka milioni 100 hadi 200. Kwa hiyo Tanzania inamgusa mdogo mapema na inamchelewesha wa kati. Kenya inamwacha mdogo na inambana wa kati mapema. Kila upande wataona watu wanaoganda chini ya kizingiti, lakini si kizingiti kimoja.

Tazama pia jinsi mfumo unavyomlipa mwenye kumbukumbu. Tanzania, mauzo ya milioni 4 hadi 7: asiye na kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka, mwenye nazo analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mauzo yakiwa milioni 5, kodi ni 30,000 badala ya 100,000. Mauzo ya milioni 7 hadi 11: bila kumbukumbu 250,000, kwa kumbukumbu 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Mwenye milioni 8 analipa 120,000. Daftari la mauzo la shilingi elfu kadhaa linaokoa 130,000, na bado wengi hawaandiki. Sababu si uvivu. Wanaogopa kwamba daftari likionekana, mwaka ujao makadirio yatapanda. Hofu hiyo ina mizizi kwenye historia aliyoieleza Kumbukumbu67.

Kenya tatizo ni jingine. Kiwango cha kodi ya mauzo kilipanda Julai 2023 kutoka asilimia 1 hadi 3, na kinakatwa kwenye mauzo yote, faida iwepo isiwepo. Muuza jumla wa unga mwenye mauzo ya milioni 3 na faida ya asilimia 5 anapata 150,000, na kodi inachukua 90,000. Fundi viatu mwenye mauzo hayohayo na faida ya asilimia 40 haumii. Mwenye faida nyembamba anaweza kuomba kuhamia kodi ya kawaida ya mapato, lakini hapo atahitaji vitabu kamili, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi. Anayenunua mahindi kwa wakulima ndipo anapojikwaa.

Neno kuhusu vitambulisho vya wamachinga vya Desemba 2018: 20,000 kwa mwaka, kwa mwenye mauzo chini ya milioni 4. Vilimpa mchuuzi amani ya kutobughudhiwa, ila havikumpa historia inayosomeka benki. Kilimlinda alipo, hakikumwonyesha ngazi.

---

Mchambuzi_Dodoma

Mmenipa zaidi ya nilichotarajia, nawashukuru sana. Sasa naomba mwenye uzoefu wa takwimu anisaidie la tatu. Nina ripoti mbili: utafiti wa Kenya wa 2016 unaosema biashara ndogo na za kati ni milioni 7.41, na wa Tanzania uliotoka 2012 unaotaja milioni 3 na ushee. Mwanafunzi atasema haraka kwamba Kenya ina wajasiriamali mara mbili na zaidi. Nimjibu nini?

---

Jedwali_Tupu

Mjibu kwamba amegawanya maembe kwa machungwa. Kwanza miaka haifanani. Pili, katika hizo milioni 7.41 ni milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Zilizobaki zilipatikana kwa kutembelea kaya. Ukichukua daftari la leseni la nchi moja na hesabu ya kaya ya nchi nyingine, tofauti unayoipata ni ya mbinu ya kuhesabu, haihusu ujasiriamali.

Tatu, mipaka ya makundi. Sera ya Tanzania ya 2003: biashara ndogo sana ina watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi milioni 5, ndogo ina watu 5 hadi 49 na mtaji hadi milioni 200, ya kati watu 50 hadi 99, mtaji hadi milioni 800. Sheria ya Kenya ya biashara ndogo ya 2012: ndogo sana ina watu chini ya 10 na mauzo yasiyozidi 500,000, ndogo ina watu 10 hadi 50 na mauzo hadi milioni 5. Karakana ya watu saba ni "ndogo" Dodoma na "ndogo sana" Nakuru. Tena Tanzania inapima mtaji, Kenya inapima mauzo. Huwezi kutafuta "pengo la katikati" kwa kutumia majina hayo. Rudi kwenye data ghafi, panga upya kwa idadi ya wafanyakazi wanaolipwa: 0, 1 hadi 4, 5 hadi 9, 10 hadi 49, 50 na zaidi. Kundi la sifuri litenge kabisa. Mtu anayejiajiri peke yake kwa kukosa kazi na mtu anayeajiri watano ni matukio mawili tofauti, na ukiyachanganya, nchi yenye ukosefu mkubwa wa ajira itaonekana ndiyo yenye wajasiriamali wengi.

Gawanya pia kwa watu. Sensa ya Kenya ya 2019 ni milioni 47.6, ya Tanzania ya 2022 ni milioni 61.7. Tumia watu wazima, si jumla.

Ningekuwa mimi nisingeanza na nchi nzima. Chukua kazi moja, miji miwili: maseremala wa Keko, Dar es Salaam, na wa Gikomba, Nairobi. Bidhaa ni zilezile, kitanda cha futi tano kwa sita na sofa. Sampuli usiitoe kwenye orodha ya leseni. Pita mtaa kwa mtaa, hesabu karakana zote, kisha chukua kila ya nne. Maswali yawe machache na yanayokumbukika:

Biashara ilianza mwaka gani, na fedha ya kwanza ilitoka wapi: mshahara, sako, mauzo ya mazao, ndugu, au mkopo wa simu? Mashine ya kuranda ni yako, au unapeleka mbao kwa mwenye mashine na kulipia kila ubao? (Hili ni muhimu kuliko swali la faida, ambalo watu hulijibu kwa kukisia.) Wiki iliyopita uliwalipa watu wangapi, na kwa siku au kwa kipande? Eneo unalofanyia kazi unaweza kuondolewa kwa notisi ya siku ngapi? Mkopo wa mwisho ulikuwa kiasi gani, na dhamana nini?

Swali la eneo usiliache. Karakana inayoweza kuvunjwa wiki ijayo haifungi mashine kwenye zege, na mashine isiyofungwa haiwezi kuranda mbao ngumu vizuri. Hapo ndipo utaona kwa macho namna sera inavyoingia kwenye ubora wa kitanda.

Na kuna upofu mmoja wa mbinu hii: unahoji waliobaki. Waliofunga hawapo. Kwa hiyo muulize kila mmoja: karakana za kushoto na kulia kwako miaka mitatu iliyopita zilikuwa za nani, na zimeenda wapi? Majibu yake hayana usahihi wa sensa, lakini yanakupa kiwango cha kufa kwa biashara ambacho hakuna daftari la usajili litakalokupa, maana wanaofunga hawaendi kufuta usajili.

---

Wakala_Namanga

Niongeze pesa za simu, kwa sababu watu hulichukulia kama jambo moja kwa nchi zote mbili. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania 2008. Kenya kampuni moja ilishika sehemu kubwa ya soko. Tanzania mitandao ilibaki kadhaa yenye nguvu, na ikaanza kutumiana pesa moja kwa moja kuanzia 2014, wakati Kenya ilifikia hapo 2018.

Kwa mteja, ushindani ni neema. Kwa wakala ni mzigo wa mtaji. Wakala wa Tanzania anahitaji floti, yaani salio la kuhudumia wateja, kwenye laini tatu au nne. Akiwa na milioni 1.2 jumla, akaigawa 300,000 kila laini, mteja anayetaka kuweka 400,000 anarudishwa ingawa fedha ipo, imelala laini nyingine. Mwenye mtaji huohuo kwenye laini moja angemhudumia mteja yule na wawili wengine. Kinachookoa ni kusawazisha mara mbili kwa siku, asubuhi na saa tisa alasiri, na kuandika kila laini ilikauka saa ngapi ili ugawaji wa kesho usiwe sawa kwa sawa.

Kwenye mikopo, M-Shwari ilipoanza Kenya Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayezungusha nyanya kwa siku tatu anaimudu. Anayenunua cherehani haimfai, kwa sababu cherehani haijirudishi ndani ya mwezi. Hustler Fund ya Novemba 2022 ilishusha riba hadi asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wa mtu binafsi ulianza na siku 14 na kikomo cha kati ya 500 na 50,000. Riba nafuu, muda uleule wa uchuuzi. Tanzania asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inakopeshwa bila riba kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Muda wake ni mzuri zaidi, tatizo ni kikundi: watu wanajiunga kwa ajili ya fomu, fedha ikitoka wanagawana, na kila mmoja anabaki na kiasi kisichonunua mashine.

Kwa hiyo kwenye dodoso la maseremala, Jedwali_Tupu, tafadhali ongeza safu moja: muda wa mkopo kwa siku, na kitu kilichonunuliwa kwa mkopo huo. Kiasi peke yake hakitatueleza.